Siku Niliyoghushi Sahihi Yangu Mwenyewe

Kama umesikia hadithi ya mama wa huku Wamagana aliyeshikwa mbele ya watu akiwa ameghushi sahihi yake mwenyewe, usiendelee kuuliza ni nani, ni mimi. Nasema mapema kwa sababu hiyo hadithi imeshafika hadi Skuta, ambako binti yangu anaishi, na ilipofika huko ilikuwa imeongezwa pingu na gari ya polisi, na mimi sikupanda gari yoyote siku hiyo, nilirudi nyumbani kwa miguu yangu na mkebe wangu wa biskuti kwapani. Aibu niliyo nayo inanitosha, sihitaji ya kuongezewa.

Wacha nianze na vyeo, kwa sababu bila vyeo hakungekuwa na mkasa. Nilikuwa na vitatu, na sikuomba hata kimoja (hivyo ndivyo nilivyozoea kuwaambia watu). Uenyekiti wa mradi wa maji nilipewa siku niliyokosa mkutano nikiwa nimeenda Othaya kumzika shangazi yangu, kwa sababu huku kwetu ukikosa mkutano unachaguliwa, walioketi pale hawataki kazi, wanatazamana wee, halafu mmoja anakumbuka jina la mtu ambaye hayuko wa kukataa na wote wanapiga makofi. Nilirudi kutoka matanga nikakuta spana kubwa ya mabomba imeegemezwa mlangoni kwangu, hakuna hata barua. Halafu nikawa mwenyekiti wa bodi ya shule ya msingi, kwa vile nilifundisha nasari pale miaka mingi na wakaniambia ati mwalimu hastaafu. Na juu ya hayo yote chifu akanifanya mzee wa kijiji. Mzee, mimi, mama wa watoto wanne. Nilimuuliza kama hicho cheo hakina jina lingine kikipewa mwanamke, akasema hakina, na nikiwa tayari niko na kazi mbili ya tatu sitaisikia.

Kila kazi ilikuwa na muhuri wake na yote mitatu ilikaa kwenye mkebe mmoja wa biskuti juu ya kabati. Huo wa mzee wa kijiji nilichongesha mwenyewe mjini Nyeri, hakuna aliyenituma, niliona tu kwamba karatasi isiyo na muhuri watu hawaiheshimu. Mume wangu, Baba Karimi, alinitazama nikiujaribu kwenye gazeti akasema, "Sasa umebakisha wa kanisa tu." Yeye huongea kidogo, lakini hicho kidogo kinauma.

Basi Jumanne moja ya Julai, ule wakati ukungu hauondoki mpaka saa sita, Nyawira akaja kwangu na fomu. Nyawira ni msichana wa jirani, mama yake huchuma majani chai kwenye mashamba ya watu, na mimi ndiye niliyemfundisha kushika penseli. Alimaliza sekondari akakaa nyumbani, na kukaa kwake hakukuwa kukaa bure, kwa sababu redio zote za kijiji chetu zinazoongea zinaongea kwa sababu yake, na pampu ya mradi ilipokufa ni yeye aliyeingia mle kibandani na bisibisi akaifufua. Sasa kulikuwa na nafasi ya kusomea umeme katika chuo cha ufundi, nafasi moja tu kwa kata yetu ndogo, na mwaka ujao ilikuwa inaenda kwa kata nyingine. Mwaka huu au basi. Fomu ilitakiwa kuwa imekubaliwa kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

"Mwalimu, wanataka viongozi watatu wanaonijua," akaniambia. "Mzee wa kijiji, mwenyekiti wa bodi ya shule niliyosoma, na mwenyekiti wa mradi wowote wa jamii."

"Basi wote umewapata," nikamwambia, "keti unywe chai."

Alicheka. Nami nilicheka, wakati huo bado nilikuwa mtu wa kucheka.

Hapa ndipo nilipoharibu. Ningeandika jina langu moja mara tatu na kueleza mambo yalivyo, yakaisha. Lakini nilipoitazama ile fomu nikaona jina moja likishuka hivyo mara tatu litaonekana mzaha, watasema huyu msichana ameandikiwa na shangazi yake, na mtoto akose nafasi kwa sababu yangu. Si nilikuwa na majina ya kutosha? Mwanamke wa huku ana la ubatizo, ana la nyumbani, ana la baba, ana la mume, na kila mahali anaitwa tofauti. Kwa hivyo kwenye mstari wa shule nikaandika Teresia Wangeci na kalamu ya bluu. Kwenye mstari wa kijiji nikaandika Wangeci Nderitu, Nderitu ni baba yangu, na kalamu nyeusi. Kwenye mstari wa maji nikaandika Bi. T. Maina, Maina ni mume wangu, na kalamu ya kijani niliyokuwa nikisahihishia madaftari ya nasari. Na sahihi nazo zisifanane, moja nikailaza kulia, moja kushoto, na ya tatu nikaizungusha zungusha mpaka mimi mwenyewe nikaipenda. Namba za simu nikaweka laini zangu mbili, na pale pa tatu nikaweka ya Baba Karimi. Nikapiga mihuri. Fomu ilipendeza, haki, ilikuwa kama imepita kwa waheshimiwa watatu.

Nyawira aliitazama akasita. "Mwalimu, haitaleta shida?"

"Shida gani? Kwani kuna uongo hapo?"

Na hakukuwa na uongo, ndiyo maana nilikuwa na ujasiri.

Sasa karani wa ofisi ya wodi alikuwa mgeni, Bwana Wekesa, kijana mpole aliyehamishiwa huku kutoka magharibi, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu, ugonjwa wa kusoma kila kitu. Karani wa zamani angetazama mihuri akatupa fomu kwenye faili. Wekesa alipiga simu. Alhamisi alasiri niko jikoni nikimenya viazi, laini ya kwanza ikalia.

"Naongea na Mwalimu Teresia Wangeci, mwenyekiti wa bodi?"

Nikamwambia ndiye. Akaniuliza kuhusu Nyawira, nikamsifu, na kila nilichosema kilikuwa kweli. Halafu akauliza, kwa upole wake, kama nawajua hao viongozi wengine wawili waliotia sahihi. Ningesema pale. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake mdomo huu ukasema, "Hao nawajua vizuri sana, ni watu wa kuaminika, hasa huyo mzee wa kijiji."

Sijui kwa nini niliongeza lile neno hasa.

Nikakata simu na jasho limenitoka na baridi yote hiyo, na kabla sijashika kiazi kingine, laini ya pili ikalia kwenye simu ile ile. Sauti ile ile ya Wekesa. "Naongea na Wangeci Nderitu, mzee wa kijiji?" Na mimi, mwalimu mstaafu, mtu anayesoma masomo kanisani, nikabana pua kidogo na kuongea kama cucu, bibi kizee, mwenye mafua. Nikamwambia ndiyo, mwanangu, huyo msichana namjua tangu azaliwe. Akaniambia pole kwa mafua. Nikakohoa ili asije akadhani nimepona haraka.

Nilikumbuka namba ya tatu nikiwa nimechelewa. Nilitoka nje mbio na kisu mkononi, Baba Karimi alikuwa zizini akikamua, simu imebanwa kati ya sikio na bega, na nikamsikia akisema bila haraka yoyote, "Bi. Maina? Huyo ni mke wangu. Yuko hapo jikoni, lakini tangu saa ile anaongea na simu ingine."

Nilisimama pale kwenye matope. Baba Karimi akasikiliza kidogo, akasema sawa, akaweka simu mfukoni, akaendelea kukamua.

"Amesemaje?"

"Amesema kesho saa nne wote watatu mfike ukumbini pale ofisi ya wodi, fomu zinathibitishwa mbele ya watu. Hao wengine wawili nitawajulisha wapi?"

Nikarudi jikoni kumalizia viazi, na usiku huo sikulala vizuri.

Ijumaa ukumbi ulikuwa umejaa. Mwaka uliopita kulikuwa na manung'uniko kwamba nafasi zinapeanwa kwa kujuana, kwa hivyo safari hii kila mwombaji alisimama mbele, waliomtilia sahihi wakaitwa mmoja mmoja, wakasimama kando yake. Karibu nusu ya wanachama wa mradi wa maji walikuwepo, na mbele kabisa aliketi Gakuru. Gakuru ni jirani yetu wa upande wa mtoni, mfugaji wa nguruwe, na ndiye aliyekuwa akiimba kila siku kwamba mama mmoja amejaza vyeo kama mtu anayejaza kikapu sokoni. Nilikuwa nimempangia majibu makali siku nyingi. Siku hiyo nilitamani tu awe mgonjwa.

Nilikuwa nimepanga kumfuata Wekesa kando kabla ya kuanza nimweleze, lakini nilimkuta ameshaketi mezani na watu wamemzunguka mbele na nyuma, na kabla sijamfikia akasema jina la kwanza, na jina la kwanza likawa la Nyawira. Msichana akasimama mbele, amevaa sweta yake ya shule ya zamani aliyoing'oa beji.

"Mwalimu Teresia Wangeci."

Nikaenda, nikasimama kando yake.

"Wangeci Nderitu, mzee wa kijiji."

Nikabaki nimesimama. Wekesa akatazama mlangoni. Akarudia jina. Na watu wa kijiji changu, watu wema sana, wakaona karani mgeni anapotea wakaamua kumsaidia. "Si huyo hapo," wakasema, wakininyooshea vidole. Wekesa akasema hapana, huyu ni mwalimu, anatafuta mzee. "Ndiye mzee," wakasema. Akapitisha kalamu mstari wa tatu, akaita kwa sauti ya chini sasa, kama mtu anayeogopa jibu, "Bi. T. Maina, mradi wa maji?" Na ukumbi wote ukajibu, "Mama Karimi. Huyo huyo."

Wekesa akaondoa miwani akaifuta, akairudisha. Akaomba kitambulisho changu akasoma, Teresia Wangeci Maina. Akaniuliza Nderitu ni nani. Nikasema ni baba. Akaniuliza yuko wapi. Nikasema alishafariki. Akatazama fomu, akanitazama, nikaona anafikiria nimetia sahihi ya marehemu.

"Mama, ebu tia sahihi hapa mbele yangu," akasema, akinisukumia karatasi tupu. "Kama zote tatu ni zako, weka zote tatu."

Nikashika kalamu. Sasa, wewe uliza mtu mzima aliyelaza sahihi kushoto na kulia siku tatu zilizopita kama anakumbuka ipi ililala wapi. Nikaandika ya kwanza, haikufanana. Ya pili ikatoka kama ya kwanza. Ile ya mizunguko ndiyo ilinimaliza, nilizungusha mpaka ikafika ukingoni mwa karatasi. Wekesa akaziweka kando ya fomu akatikisa kichwa.

"Hakuna inayolingana hata moja. Mama, hizi za kwenye fomu umeghushi sahihi ya nani?"

Nikasema, "Yangu."

Sitaeleza kicheko. Gakuru alicheka mpaka akashika goti la mtu aliyeketi kando yake, akasema, "Ati amejighushi mwenyewe," na wale wa nyuma ambao hawakuwa wamesikia wakaelezwa na wa mbele, kwa hivyo kicheko kikaja mara mbili. Yule cucu wa mafua naye akatajwa, kwa sababu Wekesa aliniuliza kwa upole kama mafua yamepona. Nikamtafuta Baba Karimi kwa macho. Alikuwa amesimama dirishani akitazama nje.

Lakini Nyawira hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anavuta vuta ule uzi uliobaki pale penye beji, na mama yake alikuwa ameketi ukutani na kikapu chake cha majani chai miguuni, amekuja moja kwa moja kutoka shambani, na alikuwa akinitazama mimi. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananitazama vile mtu anavyomtazama mwalimu, akingoja jibu. Hapo ndipo kicheko cha watu kiliacha kuniuma na kitu kingine kikaanza.

"Bwana Wekesa," nikasema, "makosa ni yangu. Huyu mtoto hakuandika chochote. Niambie la kufanya, saa sita haijafika."

Wekesa akageuza fomu. Mimi sikuwa nimeigeuza. Nyuma kulikuwa kumeandikwa, kwa Kiswahili kizuri kabisa, kwamba cheo zaidi ya kimoja chaweza kushikwa na mtu mmoja mradi sahihi zitoke kwa watu wasiopungua wawili. Wawili tu. Tangu Jumanne nilihitaji mtu mmoja tu zaidi, mmoja, na nilikuwa nimetafuta kalamu ya kijani.

"Naweza kukubali yako kama mzee wa kijiji na kama mwenyekiti wa bodi, ukiitia upya," akasema. "Lakini nahitaji mwenyekiti mwingine. Kwani ninyi kwa mradi hamna naibu?"

Watu wakatazamana. Nilikuwa karibu kusema hatuna, kwa sababu kwa miaka miwili sikuwa nimeona naibu yeyote, wala kumwita. Halafu mama mmoja wa kwaya akasema polepole, "Si tulimchagua Gakuru? Ile siku alikuwa ameenda Karatina kuuza nguruwe."

Gakuru aliacha kucheka kama redio iliyochomolewa waya. Akasema hajui habari hiyo. Akasema yeye hana wakati, nguruwe mmoja yuko karibu kuzaa. Akasema Mama Karimi anafanya kazi nzuri sana, kwa nini tubadilishe. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikiyangoja kutoka kwake miaka yote hiyo, na yalikuja saa ambayo hayakunisaidia.

"Naibu hatoshi, fomu inasema mwenyekiti," Wekesa akasema, akitazama saa. "Mama, unaachia?"

"Naachia," nikasema haraka, na nikaandika hapo hapo kwa mistari miwili kwamba naachia, sahihi moja, iliyonyooka, na sahihi hiyo hiyo nikaiweka upya kwenye fomu. Watu wakapiga makofi kumpokea Gakuru kabla hajajibu, naye akatazama huku na huku akaona hata mke wake anapiga makofi. Akaja mbele akiburuta miguu. Nikafungua mkebe, nikatoa muhuri wa maji, nikamnyooshea.

Akaushika. Akavuta. Haukuja.

Nilidhani ni yeye anayechelewesha. Nikatazama chini nikaona vidole vyangu vimeubana mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Miaka yote hiyo nilikuwa nikilalamika kanisani, kwa simu, kwa mume wangu kitandani, kwamba hizi kazi zinaniua, nani atanitoa, na sasa mtu alikuwa ananitoa na mkono wangu ulikuwa umekataa.

"Mama Karimi," Gakuru akasema chini chini, bila kucheka hata kidogo, "achilia."

Nyawira alikuwa ameinua kichwa. Alikuwa ameona.

Nikaachilia. Gakuru akatia sahihi, akapiga muhuri, akaupiga juu chini, na Wekesa akasema haidhuru, unasomeka. Saa sita ilikuwa inakaribia, na watu wengi ukumbini walikuwa wamesimama kutazama. Wekesa akatia yake, akaifunga faili, akasema, "Nyawira, umepita." Mama yake alichukua kikapu chake akatoka nje, nikamwona kupitia dirishani akijifuta uso kwa lesso.

Nyawira sasa yuko chuoni, anajifunza nyaya za nyumba, na akija likizo hunisalimia vizuri kama zamani. Lakini siku ile tulipokuwa tukipanda kilima kurudi, aliniuliza swali moja ambalo bado sijalijibu. "Mwalimu, kwa nini hukumwambia tu mtu mwingine atie?" Aliuliza bila ubaya. Baba Karimi, aliyekuwa mbele yetu, alipunguza mwendo asikie, nami nikasema tutembee kabla mvua haijatushika.

Mwezi uliopita bomba kubwa lilipasuka pale juu ya shule. Watu wakaja langoni kwangu alfajiri kama kawaida yao, nikawaambia waende kwa Gakuru. Ningeweza kulifunga siku hiyo hiyo, najua valvu iko wapi, najua fundi gani anaamka mapema. Gakuru alichukua siku mbili. Kwa siku hizo mbili nilishuka mtoni na mtungi wa lita ishirini na goti langu bovu, nikapita mlangoni kwake kwenda na kurudi, nikamwona anahangaika na ile spana ameishika kinyume, na sikusema neno. Kazi zote tatu hazikuwahi kunichosha hivyo.

Muhuri wa shule bado ninao, muhula ukiisha nitaurudisha, nimeapa mbele ya Baba Karimi (aliguna tu). Na mikutano sikosi tena hata mmoja. Juzi nilikuwa na homa ya kweli, si ile ya cucu, nikaenda nimejifunga blanketi nikaketi mstari wa mbele, na kila walipoanza kutazamana nilikohoa ili wajue niko.